Mhitimu wa teolojia asiye padri wala mchungaji: ajira yake iko wapi hapa Kanda ya Ziwa?

#1 Mlei wa Nyegezi
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike amemaliza shahada ya kwanza ya teolojia katika chuo kimoja cha kanisa, amefaulu vizuri, na sasa yuko nyumbani Buhongwa akitafuta kazi. Hana wito wa utawa, na dhehebu letu haliwabariki wanawake kuwa wachungaji. Akifungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira anakuta fani zimetajwa moja moja, sosholojia, ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, na ya kwake haimo. Akienda kwenye ofisi za kanisa anaambiwa kwamba nafasi zilizopo ni za watumishi waliokwisha kuwekwa wakfu.

Hoja yangu ni hii: shahada ya teolojia hapa nchini ilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari ana kazi, yaani padri, mchungaji au mtawa anayesomeshwa na jimbo au dayosisi yake na kurudi kwenye kituo chake akimaliza. Mlei anayejilipia ada hakufikiriwa kabisa. Naomba mnikosoe kwa hoja, na mwenye kuijua njia ambayo mtu ameipita akafika aitaje. Maombi tunaendelea nayo nyumbani. Tunachokosa ni mahali pa kupeleka barua.

#2 Mwalimu Igoma
Pole kwa hali hiyo. Asome Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Mwanza, kwa hiyo hatalazimika kuhama. Akimaliza anaomba ualimu katika sekondari za makanisa na seminari ndogo. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

#3 Mzee wa Pasiansi
Mwalimu Igoma, njia hiyo ni fupi kwa aliyesoma historia au Kiswahili, lakini kwa teolojia tupu ina shimo katikati, na ni vizuri binti alijue kabla ya kulipa ada nyingine. Ualimu wa sekondari unataka masomo ya kufundishia, na serikali haiajiri mwalimu kwa ajili ya kufundisha dini. Ni kweli Baraza la Mitihani linatahini Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu Kidato cha Nne, lakini anayeingia darasani kufundisha kwa kawaida hutoka kwenye jumuiya ya dini yenyewe, na malipo yake, kama yapo, hutoka huko huko. Chanzo chake ni Ibara ya 19 ya Katiba, inayoweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sisemi kwamba ibara hiyo ni mbaya, kwani imetulindia amani kwa miaka mingi. Nasema tu kwamba mhitimu wa teolojia analipia sehemu ya gharama yake bila kuambiwa.

#4 Mkazi wa Kisumu
Shikamoo Mzee wa Pasiansi. Naomba kuongeza jambo kutoka upande wa pili wa ziwa, kwa sababu linaipinga hoja ya #1. Huku Kenya, Elimu ya Dini ya Kikristo na ile ya Kiislamu ni masomo ya kawaida ya mtihani wa kitaifa wa sekondari, na Tume ya Huduma za Walimu inawaajiri walimu wake kama inavyowaajiri wa jiografia. Sharti ni kwamba mwalimu awe na masomo mawili, na ndiyo maana wengi huoanisha dini na historia, au dini na Kiswahili. Uingereza nako, shule zinazogharimiwa na serikali zinatakiwa kufundisha elimu ya dini, ingawa mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe katika kipindi hicho. Kwa hiyo mhitimu wa teolojia wa kule ana soko la ualimu hata kama hajawahi kusimama mimbarani.

Kwa maoni yangu, basi, tatizo halimo ndani ya teolojia. Mtaala na sheria za nchi ndizo zinazoamua kama somo hili litakuwa na mwajiri, na vyuo vinavyolifundisha bila somo la pili mahali pasipo na mwajiri huyo vinapaswa kumwambia mwanafunzi siku ya kwanza.

#5 Mwalimu Igoma
Ahsante, Mkazi wa Kisumu. Nami sijaikata tamaa njia yangu. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Aliyesoma maadili kwa miaka mitatu ana la kusema katika somo hilo.

#6 Binti wa Kirumba
La kusema analo, lakini tangazo la ajira litamtaja mwalimu wa historia. Tumerudi pale pale aliposimama Mzee.

#7 Ustaadh wa Mabatini
Assalaam alaykum. Nimesubiri mtu aukumbuke upande wetu, maana uzi mzima umezungumza kana kwamba dini inasomwa makanisani peke yake. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, na wahitimu wake ninaowafahamu hapa Mwanza walisoma masomo ya Kiislamu pamoja na ualimu au lugha. Ndiyo maana wengi wao wako madarasani leo. Mlango mwingine ni benki. Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011 ikifuata misingi ya sharia, CRDB ikaanzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021, na huduma za namna hiyo haziwezi kuendeshwa bila watu wanaoelewa kwa nini riba inakatazwa, mkataba wa murabaha, yaani wa kuuza kwa faida inayotajwa wazi, unaandikwaje, na mkataba upi una kasoro hata kama mteja ameusaini kwa furaha. Pia kuna ithibati ya halali kwa viwanda vya chakula. Sisi tumezungukwa na viwanda vya minofu ya samaki vinavyouza nje, hivyo soko lipo.

#8 Binti wa Kirumba
Wa alaykum salaam, Ustaadh. Hapo kwenye samaki naomba nisahihishe, kwa sababu kiwandani ndiko ninakofanya kazi. Samaki hachinjwi kwa sharia ya dini, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Sangara anapoingia kiwandani tunapima joto, tunaangalia macho na mashavu, tunachukua sampuli za maabara, na wanunuzi wa Ulaya wanauliza habari za ubaridi na usafi. Suala la halali lina uzito kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi na kuku, yaani machinjioni.

Na kwa kuwa tumefika machinjioni, tusisahau mgogoro wa uchinjaji wa Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013, ambao uligharimu maisha ya mchungaji. Watu waliishi pamoja, wakanunua nyama kwenye bucha moja, kisha wakaumizana kwa swali la nani ashike kisu. Ningetamani kila halmashauri ya kanda hii iwe na mtu mwenye mshahara aliyesoma dini zote mbili kwa kina, ambaye angeliona jambo kama hilo likija kabla halijafika polisi.

#9 Ustaadh wa Mabatini
Umenena vyema, dada. Kamati za amani za viongozi wa dini zipo mikoani, lakini wajumbe wake wanaingia kwa vyeo vyao vya dini, na mhitimu wa kawaida hana pa kukaa. Hata hivyo kamati inahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu, kuchunguza chanzo cha mgogoro na kuandaa mafunzo ya vijana. Hiyo ni kazi ya kusomewa, na leo inafanywa kwa kujitolea.

#10 Mratibu wa Kisesa
Wakuu, mimi nilisoma teolojia, sikuwekwa wakfu, na ninaishi kwa kazi, kwa hiyo naomba nieleze kidogo kwa urefu. Ni mratibu wa kituo cha huduma ya mtoto na kijana katika kanisa moja linaloshirikiana na Compassion, shirika la Kikristo la kufadhili watoto. Mwajiri wangu kisheria ni kanisa la mahali, na kituo kina kamati yake, mhasibu wake na walimu wa kujitolea.

Jumamosi watoto wanafika asubuhi, tunaita majina, tunagawa uji, kisha wanaingia kwenye vipindi. Sehemu ambayo watu hawaijui ni barua. Mtoto anamwandikia mfadhili wake kwa penseli kwamba wamevuna mpunga, kwamba bibi amepona mguu, anachora nyumba na ng'ombe wawili pembeni. Barua hiyo lazima isomwe, itafsiriwe kwa Kiingereza, na isomwe tena na mtu mwenye jicho, kwa sababu mara nyingine mtoto anadokeza jambo zito katikati ya habari za mpunga, kama vile kwamba siku hizi analala kwa jirani. Mwenye jicho anaondoka siku hiyo hiyo kwenda nyumbani kwa mtoto.

Na huko nyumbani ndiko teolojia inakonisaidia. Hii ni kanda iliyopitia mauaji ya watu wenye ualbino, yakavuma kuanzia 2007 hivi, mpaka Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hii ni kanda ambayo akina mama wazee wamewahi kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa kuni. Ukimkuta baba anaamini kwamba ugonjwa wa mwanawe umetumwa na shangazi, humsaidii kwa kumcheka wala kwa kumkemea kwa mistari ya Biblia. Chuoni tulisoma dini za jadi za Kiafrika kama somo kamili, tukafundishwa kuuliza nani anaamini nini, tangu lini, na imani hiyo inamfariji au inamdhuru nani. Wenzangu waliosoma fani nyingine ni hodari wa takwimu, lakini mazungumzo ya namna hiyo huniachia mimi.

#11 Wakili wa Nyamagana
Mratibu, ushuhuda wako nimeupenda sana. Naomba tu nitofautiane nawe kidogo: huenda kanisa lilikuajiri kwa sababu unaandika taarifa vizuri na unatumia kompyuta, kisha teolojia ikaonekana faida yake baadaye. Mwombaji asipokuwa na hayo mawili hatafika kwenye nyumba ya huyo baba.

Mimi ninaona mlango katika sheria. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka shauri la ndoa lipitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kufunguliwa mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, na baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ambayo sisi mawakili tunaiita Fomu Namba 3. Sheria inaruhusu pia vyombo vya jumuiya za dini viteuliwe kuwa mabaraza ya namna hiyo. Nimeona fomu nyingi zilizojazwa ovyo: haijulikani nani aliitwa, nani alihudhuria, wala baraza lilijaribu nini, na mama aliyesafiri kutoka Ukerewe anarudishwa kuanza upya kwa sababu ya karatasi. Mhitimu aliyesoma maadili ya ndoa, sheria za kanisa au fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na akajifunza kuandika kumbukumbu, angewaokoa watu wengi.

#12 Mlei wa Nyegezi
Ahsante, Wakili. Analipwa na nani?

#13 Wakili wa Nyamagana
Kwa sasa ni posho za vikao pale ambapo taasisi inazo, na hilo silifichi. Zanzibar hali ni tofauti, kwa kuwa Mahakama za Kadhi zipo kisheria na kadhi ni mtumishi wa umma. Tanzania Bara, makadhi wa Bakwata wanafanya kazi kubwa lakini uamuzi wao hauna nguvu ya dola.

#14 Jirani wa Musoma
Salaam kutoka Mara. Nashangaa hakuna aliyetaja tafsiri ya Biblia, ilhali ni kazi iliyopo hapa hapa ziwani. Musoma kuna mradi wa SIL, shirika la Kikristo la lugha na tafsiri, unaofanya kazi kwa pamoja katika lugha kadhaa za mkoa, zikiwamo Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu na Kingoreme. Watafsiri ni wazawa wa lugha hizo. Rasimu ikikamilika inapelekwa kijijini, inasomwa mbele ya watu ambao hawajaiona, nao wanaulizwa wamesikia nini. Wakisema jambo ambalo andiko halikusema, rasimu inarudi mezani. Kisha mshauri anaihakiki akilinganisha na Kiebrania au Kigiriki. Aliyesoma lugha hizo za kale chuoni, na akaijua lugha ya nyumbani kwao kwa ufasaha, ana kitu adimu mkononi. Dada huyo wa Buhongwa anazungumza lugha gani ya kwao?

#15 Mlei wa Nyegezi
Kisukuma safi, na Kikerewe kwa upande wa mama.

#16 Mzee wa Pasiansi
Kikerewe! Basi mnivumilie niwarudishe nyuma, maana najua Binti wa Kirumba atasema mzee ameanza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma Seminari ya Rubya, huko Kagera, akafundishwa Kilatini, falsafa na teolojia, wala hakuwa padri. Alirudi kwao, akafanya kazi za kawaida za kujipatia riziki, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe riwaya kubwa juu ya maisha ya Wakerewe, ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Tazameni pia Bujora, pale Kisesa kwa Mratibu: makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na padri, David Clement, ambaye aliona kwamba ngoma, viti vya watemi na dawa za jadi vinastahili kutunzwa na kuelezwa. Kila mgeni anayefika pale anahitaji mtu wa kumweleza imani iliyo nyuma ya vitu hivyo, na mtu huyo asipokuwa amesoma dini ataishia kutaja majina ya vyombo.

Na wale wanaosema teolojia haimpeleki mtu popote, Dkt. Wilbrod Slaa alikuwa padri mwenye shahada ya udaktari katika sheria za kanisa, akawa mbunge wa Karatu mwaka 1995, na baadaye balozi wetu Sweden.

#17 Binti wa Kirumba
Mzee, leo sikucheki hata kidogo, habari ya Kitereza imenigusa. Lakini kumbuka kwamba mswada wake ulikaa zaidi ya miaka thelathini bila kuchapishwa. Na mfano wa balozi unampa nguvu #1: huyo alikuwa padri kwanza, na alikuwa ameshika nafasi kubwa katika ofisi za maaskofu kabla ya siasa. Mlei wa Buhongwa hana ngazi hiyo.

#18 Nesi wa Wodini
Naomba niseme machache nikiwa kazini. Hospitali kubwa za kanda hii zina mizizi ya dini. Bugando yenyewe ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudi kuendeshwa na Kanisa kwa makubaliano na serikali. Mgonjwa wa saratani anayeambiwa kwamba hakuna tiba zaidi anahitaji mtu wa kukaa naye, wala si lazima mtu huyo awe na sakramenti mkononi. Kule Moshi, KCMC ina mafunzo ya uchungaji wa hospitali ambapo mwanafunzi hukaa wodini, huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha hukosolewa na mwalimu na wenzake. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa, familia zilipata mazishi na sala kwa siku chache. Baada ya hapo nani aliwarudia? Watu wa kurudi ndio tusio nao.

#19 Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma wote na naona tunakwepa jambo moja. Mlei wa Nyegezi anailaumu shahada, Mkazi wa Kisumu analaumu mtaala, Wakili analaumu ujuzi wa mwombaji. Mimi nalitaja kanisa, na nalitaja kwa upendo kwa sababu nimelitumikia maisha yangu yote. Sisi tumezoea kwamba kazi ya mlei ni sadaka. Katekista anafundisha watoto, anaongoza ibada padri asipofika, anazika, anapatanisha ndoa, na mwisho wa mwezi anapewa mahindi au ahsante. Sasa akija binti mwenye shahada akaomba kufanya kazi hiyo hiyo kwa mshahara, anaonekana hana moyo wa utume. Nafasi zimejaa kila kigango. Bajeti ndiyo isiyoandikwa. Hata zingekuja shahada mpya zenye masomo matatu ya ziada, kwetu zingekuta meza ile ile.

#20 Ustaadh wa Mabatini
Mzee Katekista, ukibadilisha neno kigango ukaweka madrasa, hujaacha kitu.

#21 Mkazi wa Kisumu
Nakubali kuhusu bajeti, ila siamini kwamba ndiyo yote. Huku kwetu katekista naye hulipwa kidogo, na bado mwalimu wa dini anapata mshahara kwa sababu dola imemtambua. Hebu tumtazame binti mwenyewe. Mlei wa Nyegezi, je, katika shahada yake alisoma kozi za somo lingine, Kiswahili au Kiingereza kwa mfano, na ni ngapi?

#22 Mlei wa Nyegezi
Nashukuru nyote. Amesoma uzi huu na ameanza kumwandikia Jirani wa Musoma faraghani. Kozi za Kiswahili alisoma kadhaa mwaka wa kwanza na wa pili, na Kigiriki kwa miaka miwili. Hoja yangu bado sijaiacha, kwa sababu karibu kila mlango uliotajwa hapa ama haulipi ama unataka ujuzi ambao chuo hakikumpa.

#23 Mwalimu Igoma
Basi achukue nakala ya matokeo yake yote, si cheti peke yake, aende nayo kituo cha Chuo Huria kabla ya dirisha la maombi kufungwa, na awaulize jambo moja tu: kozi hizo za Kiswahili zinatosha kuhesabiwa kuwa somo la kufundishia au hazitoshi? Jibu alipate kwa maandishi. Zikitosha, njia yangu ya #2 iko wazi. Zisipotosha, asitoe shilingi, aendelee na Musoma.